Kilimia Kiko Mbali Kiasi Gani? Na Je, Ndicho Kinacholeta Mvua?

Kuna swali moja ambalo hurudi katika vikundi vingi kila mwaka Oktoba ikifika, wakati wa kuamua ni lini pesa za kikundi zitoke zikanunue mbegu. Wazee wanasema tungojee Kilimia kionekane. Vijana wanasema hayo ni mambo ya zamani, tusikilize redio. Mara nyingine mabishano yanamaliza mkutano mzima, mweka hazina anarudi nyumbani na pesa zake, na kila mtu anaenda kupanda vile anavyojua mwenyewe. Hili si jambo dogo. Mbegu zikichomwa na jua ardhini hakuna duka litakalozirudisha, na mkopo wa kikundi utadaiwa vile vile.

Basi tumeona heri tuanzie mwanzo kabisa: zile nyota ziko mbali kiasi gani, zinatembea vipi, na nani alizipima bila kwenda huko. Mkishajua hayo mtaona wenyewe ni wapi wazee wana ukweli na ni wapi vijana wana ukweli. Kuna hesabu kidogo, lakini ni hesabu za hatua na vijiti, si za kumtisha mtu.

NI NANI ANAYETEMBEA?

Ukiwa ndani ya matatu ukichungulia dirishani, unaona miti na mabanda ya soko yanakimbia kurudi nyuma. Unajua hayakimbii. Wewe ndiwe unayekwenda mbele.

Ndivyo ilivyo na jua na nyota. Tunaona zinachomoza mashariki na kuzama magharibi, kumbe ni dunia yetu inayojizungusha kuelekea mashariki kama pia, mzunguko mmoja kwa siku. Watu walio karibu na mstari wa ikweta, kama wenzetu wa Nanyuki na Maseno, wanazungushwa kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Wengine watauliza, mbona hatuyumbi? Kwa sababu mwendo huo haubadiliki ghafla. Chai iliyo ndani ya kikombe haimwagiki wakati gari liko kwenye lami nzuri na dereva hakanyagi breki. Humwagika gari likishtuka.

Mwendo huu wa ikweta umewahi kutumiwa hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Roketi ikirushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki, dunia yenyewe huisaidia kwa kuisukuma. Setilaiti hiyo ilikwenda kuchunguza nyota na vitu vingine vya angani vinavyotoa miale ya eksirei, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina Uhuru. Wanaastronomia wa dunia nzima wanalijua jina hilo la Kiswahili.

Huo ni mwendo wa kwanza. Mwendo wa pili ni kwamba dunia inalizunguka jua, na inachukua siku 365 na robo kumaliza mzunguko mmoja. Hapa inakwenda karibu kilomita 30 kwa sekunde moja. Tangu uanze kusoma aya hii umekwisha kusafirishwa mamia ya kilomita, na hujatoka kwenye kiti chako.

Mwendo huu wa pili ndio unaotuhusu zaidi katika habari ya Kilimia. Ili muuone, fanyeni hivi katika mkutano ujao ikiwa mnakutana jioni. Wekeni taa juu ya meza katikati ya chumba. Hiyo taa ni jua. Mtu mmoja aizunguke polepole, yeye ndiye dunia. Akiwa karibu na mlango, akiitazama taa, dirisha la upande ule mwingine liko nyuma ya taa na mng'ao unamzuia kuliona vizuri. Akiendelea kuzunguka hadi afike dirishani, sasa mlango ndio uko nyuma ya taa, na dirisha liko mgongoni pake. Akiipa taa mgongo, hapo ni usiku kwake, analiona dirisha waziwazi.

Kuta za chumba ndizo nyota. Hazikusogea. Lakini kila mahali anaposimama anaona ukuta mwingine wakati wa "usiku" wake. Kwa sababu hiyo nyota tunazoziona jioni ya Januari si zile za jioni ya Julai. Kila nyota huchomoza mapema kidogo kuliko jana yake, karibu dakika 4. Dakika 4 kwa siku 30 ni saa 2. Saa 2 kwa miezi 12 ni saa 24, yaani nyota imerudi pale pale ilipokuwa mwaka uliopita.

Sasa kiangalieni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana kama vifaranga. Katikati ya Novemba kinachomoza mashariki, kuelekea kaskazini kidogo, wakati jua linazama. Ikifika saa mbili usiku kimekwisha kupanda na kila mtu anakiona. Katikati ya Januari, saa mbili usiku kiko juu sana. Mwisho wa Machi, saa ile ile, kimeteremka upande wa magharibi. Mwanzoni mwa Mei kinamezwa na mwanga wa jua na hakionekani tena, kama lile dirisha nyuma ya taa. Halafu katikati ya Juni kinaonekana tena, lakini sasa ni alfajiri, upande wa mashariki, kabla jua halijatoka. Hiyo ndiyo safari yake ya mwaka, na haikosi.

Kuna "nyota" chache ambazo haziheshimu utaratibu huu, na hizo zimewachanganya watu tangu zamani. Ile nyota kubwa ya alfajiri inayowaamsha akina mama kwenda kisimani, na ile nyota kubwa inayoonekana magharibi jioni, ni moja. Tena si nyota. Ni Zuhura, sayari iliyo karibu ukubwa sawa na dunia yetu, nayo inalizunguka jua kama sisi. Haina mwanga wake, inarudisha mwanga wa jua kama bati jipya la paa linavyong'aa mchana. Mshtarii, Zohali na Mirihi ni sayari pia. Ukitaka kuzitambua, tazama kama zinametameta. Nyota humetameta, sayari hutulia, isipokuwa zikiwa chini sana karibu na upeo wa macho.

MPIRA NAIROBI, MPIRA CAPE TOWN

Sasa tuje kwenye umbali. Namba za angani ni kubwa mpaka mtu anachoka kuzisikia, kwa hiyo tutazipunguza.

Chukueni mpira wa matambara wa watoto wenye upana wa sentimita 14. Huo ndio jua. Kwa kipimo hicho dunia yetu, pamoja na milima yake yote na Bahari ya Hindi, ni punje moja ya wimbi. Si punje ya mahindi, ni ya wimbi. Piga hatua hadi ufike mita 15 kutoka kwenye mpira, weka punje yako chini. Mwezi ni chembe ya mchanga iliyo karibu sentimita 4 kutoka kwenye punje. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni kama gololi ya mtoto, iko mita 78 kutoka kwenye mpira. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 450. Mpaka hapo bado mko katika kijiji kimoja na mnaweza kuitana.

Na nyota iliyo jirani? Hapa ndipo watu hunyamaza. Tuseme mpira wenu mmeuweka Nairobi. Nyota jirani iliyo kubwa kama jua letu, inayoitwa Alpha Centauri, ni mpira mwingine ulio mbali karibu kilomita 4,100. Huo ni mwendo wa ndege kutoka Nairobi hadi Cape Town, kule ncha ya Afrika. Katikati ya mipira hiyo miwili, njia nzima, karibu hakuna kitu.

Turudi kwenye vipimo vya kweli. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000. Kama barabara ingekuwepo, matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, mchana na usiku bila kusimama kuchukua abiria (jambo ambalo halijawahi kuonekana), ingefika baada ya siku 200. Jua liko kilomita milioni 150, matatu hiyo ingefika baada ya miaka 214. Abiria aliyepanda hafiki, ni wajukuu wa wajukuu wake watakaoshuka. Kwenda Alpha Centauri ingechukua karibu miaka milioni 59.

Ndiyo sababu wataalamu wakaacha kilomita wakatumia mwanga. Mwanga ndio kitu chenye mbio kuliko vyote, kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa sekunde moja ungeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu. Unatoka mwezini kuja kwetu kwa zaidi kidogo ya sekunde moja. Unatoka juani kwa dakika 8 na sekunde 20. Mwendo ambao mwanga unausafiri kwa mwaka mzima unaitwa mwaka wa mwanga. Kumbukeni kwamba huo ni umbali, siyo muda, kama vile watu wa mashambani wanavyosema "soko liko mwendo wa saa mbili". Alpha Centauri iko miaka 4.4 ya mwanga. Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iko miaka 8.6. Kilimia kiko karibu miaka 440.

WALIPIMA NA KAMBA GANI?

Mzee yeyote mwenye akili atauliza: nani alikwenda huko na futi kamba? Ni swali la haki, na jibu lake litawafaa hata katika kazi zenu.

Tuseme kikundi kinataka kujenga daraja la miguu. Mnataka kujua upana wa mto ili mnunue mbao za kutosha, lakini maji ni mengi na hakuna anayetaka kuvuka. Chagueni mti uliosimama ukingoni ng'ambo. Mmoja wenu asimame ukingo wa huku, aelekeane na mti kabisa, achome kijiti cha kwanza. Ageuke, atembee kandokando ya mto hatua 20, achome kijiti cha pili. Aendelee kwa mstari ule ule hatua 20 nyingine, achome kijiti cha tatu. Sasa aupe mto mgongo na atembee moja kwa moja kuelekea shambani, na kila baada ya hatua ageuke kuangalia. Kuna mahali atafika aone kijiti cha pili kimekaa sawasawa mbele ya ule mti wa ng'ambo, mstari mmoja. Hapo asimame. Ahesabu hatua kutoka kijiti cha tatu hadi aliposimama. Hizo ndizo upana wa mto kutoka kijiti cha kwanza hadi mti. Mradi ukingo uwe umenyooka na kona zake ziwe za mraba kama kona za nyumba, jibu litakuwa karibu sana na ukweli, na hakuna aliyelowa.

Siri ni nini? Mti uliangaliwa kutoka mahali pawili, na umbali kati ya mahali hapo pawili ulijulikana. Umeuona upande huu, ukauona upande ule, ukalinganisha.

Macho yetu hufanya hivyo kila siku. Nyosha mkono mbele, simamisha kidole gumba, funga jicho la kushoto. Sasa lifungue na ufunge la kulia. Kidole kimeruka! Hakikuruka, ni wewe uliyekiangalia kutoka mahali pawili. Kilete kidole karibu na pua, kitaruka sana. Kipeleke mbali, kitaruka kidogo. Kwa hiyo mruko mdogo maana yake ni umbali mkubwa.

Kwa nyota, nafasi kati ya macho mawili haitoshi, wala kutoka Mombasa hadi Kisumu haitoshi. Lakini mmekumbuka ile taa na mtu anayeizunguka? Januari dunia iko upande huu wa jua, Julai iko upande ule. Kati ya mahali hapo pawili ni kilomita milioni 300. Ukiitazama nyota Januari, uandike mahali ilipo kati ya wenzake, kisha uitazame tena Julai, umepata macho mawili yaliyoachana kweli kweli.

Hata hivyo mruko wenyewe ni mdogo ajabu. Kwa nyota zilizo karibu kuliko zote, ni kama kuangalia upana wa sarafu ukiwa kilomita kadhaa kutoka kwake. Wataalamu wa Ugiriki ya kale waliufikiria mruko huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walitazama wasiuone, na wengi wakasema, basi dunia haitembei. Hoja yao haikuwa ya kijinga hata kidogo. Walikosa tu kujua kwamba nyota ziko mbali kiasi hicho.

Ilibidi kungoja darubini nzuri. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza kwamba ameuona mruko wa nyota moja ndogo ya kaskazini na kupata umbali wake. Lakini mapema kuliko hapo, mwaka 1832 na 1833, Mskoti Thomas Henderson alikuwa ameipima Alpha Centauri akiwa Cape, Afrika Kusini. Akachelewa kufanya hesabu na kutangaza, mpaka 1839, sifa zikaenda kwa mwingine. Na mwaka 1915, kule Johannesburg, Robert Innes akagundua nyota hafifu inayoandamana na Alpha Centauri, ambayo iko karibu nasi zaidi, miaka 4.2 ya mwanga. Inaitwa Proxima Centauri na haionekani kwa macho. Kwa hiyo jirani zetu wa karibu kabisa katika anga, mmoja alipimwa na mwingine akagunduliwa kutoka bara letu hili. Haikuwa bahati tu. Nyota hizo ziko kusini sana, na huko Ulaya haziwezi kuonekana.

Sisi tulio karibu na ikweta tunaona za kaskazini na za kusini. Ukitaka kuiona Alpha Centauri, toka nje Juni au Julai saa mbili usiku, utazame kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, nyota nne, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo yenyewe.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vyombo vilivyo angani. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kilirushwa Desemba 2013 na kikafanya kazi hadi mwanzoni mwa 2025. Kilipima nyota karibu bilioni 2, kwa njia ile ile ya kidole gumba. Kwa zile zilizo mbali mno kuna njia nyingine. Ukijua kwamba taa ile ya mlimani ni karabai wala si koroboi, na bado unaiona hafifu, unajua iko mbali. Mwaka 1912 mama mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, alionyesha namna ya kuzitambua nyota za aina ya karabai kwa jinsi zinavyofifia na kung'aa tena kwa mpigo wa kudumu. Kwa njia hiyo wanadamu wakaweza kupima mpaka nje ya kundi letu la nyota.

MWANGA WA ZAMANI

Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka likishuka, halafu baadaye kidogo ndipo unasikia sauti. Sauti imechelewa njiani. Unaposikia "ko!" yeye amekwisha kuliinua shoka tena.

Mwanga nao huchelewa, ila kwa sababu ya mbio zake hatuoni hapa duniani. Kwa nyota tunaona. Mwanga wa Kilimia utakaoingia jichoni mwako usiku wa leo uliondoka huko karibu miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Umekuwa njiani wakati wote huo. Kilimia cha leo, vile kilivyo sasa hivi, kitaonwa na vizazi vijavyo.

Sasa jiulizeni: kitu kilicho mbali namna hiyo kitajuaje kwamba Makueni hakujanyesha?

BASI MVUA INATOKA WAPI?

Hapa tunaomba vijana wasicheke haraka. Jina lenyewe Kilimia linatokana na kulima, na si kwetu tu. Wazulu wa Afrika Kusini wanakiita isiLimela, neno la shina hilo hilo. Watu wa nchi zilizoachana kiasi hicho hawakukubaliana kudanganya. Waliona jambo la kweli.

Simamisheni kijiti kilichonyooka kwenye uwanja. Tarehe 21 Machi hivi, na tena tarehe 23 Septemba hivi, saa sita na nusu mchana, kwa walio karibu na ikweta kijiti kitakosa kivuli. Jua liko utosini. Juni mtaona kivuli kimeanguka kusini, maana jua liko kaskazini. Desemba ni kinyume chake. Hii ni kwa sababu dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua. Jua linapopita juu ya ikweta linachemsha nchi na bahari, hewa yenye unyevu inapanda, na mkanda wa mawingu hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu nchi na maji haviwi moto kwa siku moja. Mkanda huo unatupitia mara mbili. Mara moja ni masika, Machi hadi Mei. Mara ya pili ni vuli, Oktoba hadi Desemba.

Mnaona sasa? Kilimia huchomoza jioni mwezi wa Novemba kwa sababu dunia imefika mahali fulani katika safari yake. Vuli huja wakati huo kwa sababu hiyo hiyo. Ni kama saa ya ukutani na chakula cha mchana. Saa ikipiga saba sufuria inapakuliwa, lakini si saa iliyopika. Zamani kabla ya kalenda kufika, Kilimia kilikuwa kalenda, na kalenda nzuri sana, kuliko hata mwezi, kwa maana mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu na miezi yake 12 haitimizi mwaka.

Siku hizi mnasikia malalamiko kwamba Kilimia kimepotea njia. Hakikupotea. Ni kweli kwamba mhimili wa dunia unazunguka polepole kama pia inayotaka kuanguka, na hilo linakichelewesha Kilimia katika kalenda, lakini ni siku moja tu kwa karibu miaka 71. Tangu enzi za babu zetu kimesogea siku moja ama mbili. Kilichobadilika ni mvua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya. Katika misimu hiyo ya vuli Kilimia kilichomoza kila Novemba kwa wakati wake, kikazipita mbingu zisizo na wingu, na ng'ombe wakafa. Mwaka 1997 na 2019 pia kilichomoza kwa wakati wake, mvua ikamwagika mpaka madaraja yakang'oka. Tofauti ilikuwa baharini. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida, vuli huzidi. Yakiwa baridi, vuli hupungua.

Jambo hilo Kilimia hakiwezi kuwaambia. Linapimwa baharini na kwa setilaiti, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Utabiri nao hukosea mara nyingine, tusiwafiche, lakini unaangalia mahali mvua inapotoka. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba Kilimia kiwakumbushe kutengeneza shamba, kunoa majembe na kukusanya michango. Lakini uamuzi wa mbegu gani na kiasi gani, hasa kwa wenzetu wa Machakos, Kitui na Makueni wanaotegemea sana vuli, usifanywe kabla ya kusikia utabiri. Ukisema mvua itakuwa chache, weka mtama na pojo kwa wingi zaidi, na mahindi yanayokomaa haraka.

Ili mabishano ya mwaka ujao yawe na ushahidi, katibu achukue daftari, apige mistari ya safu nne. Safu ya kwanza aandike tarehe Kilimia kilipoonekana mara ya kwanza saa mbili usiku upande wa mashariki, na mtu wa kuthibitisha awe mzee mmoja na kijana mmoja. Ya pili, utabiri ulivyosema. Ya tatu, tarehe mvua ya kwanza iliponyesha ikalowesha udongo mpaka kina cha kiganja. Ya nne, magunia yaliyovunwa. Nafasi ya kutazamia iwe ile ile kila mwaka, tuseme mlangoni pa ghala, ili mti au kilima kisiwadanganye. Wakati wa mwezi mpevu Kilimia huonekana kwa shida, ngojeni siku chache.